MAJI YA HOLA

Tarehe 4 Machi, 1959, Serikali ya Koloni ya Kenya ilitoa mjini Nairobi tangazo fupi. Lilieleza ya kuwa watu waliokuwa wamewekwa kizuizini katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana, wamekufa. Watu hao, tangazo lilisema, walikuwa katika kikosi cha watu wapatao mia moja waliokuwa wakichimba mifereji. Na vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji kutoka katika gari la maji lililotumiwa na watu wote wa kikosi kile, pamoja na askari waliowalinda.

Maneno ni machache, nayo yamepangwa kwa utulivu, kama habari ya lori lililopinduka njiani. Lakini hapana budi kusema wazi tangu mwanzo ya kuwa katika Afrika yetu ya Mashariki ni matangazo machache ya serikali yaliyowahi kuigharimu serikali iliyoyatoa kiasi hiki. Watoto wetu hufundishwa shuleni tarehe za uhuru, wakazikariri vizuri. Jinsi uhuru ulivyokaribia, na ni nani waliolipa, hawafundishwi sana. Katika nyumba nyingi jina la Hola limebaki kuwa jina la kusikika redioni siku ya kuwakumbuka mashujaa, kisha likanyamaza mwaka mzima. Kwa hiyo twaona yafaa tulichukue tangazo lile, tulisome pole pole, na kulifuata mpaka lilikofika.

Tangazo la Hola lilikuwa mtoto wa tangazo jingine. Tarehe 20 Oktoba, 1952, Gavana Sir Evelyn Baring, aliyekuwa hajatimiza hata mwezi mmoja nchini, alitia sahihi yake chini ya tangazo la Hali ya Hatari. Siku chache kabla yake Chifu Mkuu Waruhiu alikuwa ameuawa kwa risasi karibu na Nairobi, na walowezi walikuwa wakipiga kelele kwamba serikali imelala. Usiku ule Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha K.A.U. walikamatwa, na askari wa Kiingereza wakaletwa kwa ndege.

Hatusemi kwamba Serikali haikuwa na la kuogopa. Mau Mau waliua watu wengi, na wengi wa waliouawa walikuwa Waafrika wenzao. Usiku wa Lari wa Machi 1953 hauwezi kufutwa kwa kuusahau. Tunalosema ni kwamba tangazo la hali ya hatari ni mlango, na mlango ukisha kufunguliwa hupitwa na mengi ambayo aliyeufungua hakuyataja. Kwa sahihi ile moja Gavana alipata uwezo wa kutunga kanuni ambazo wakati wa amani zisingepita. Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa katika miaka ya Hali ya Hatari. Watu zaidi ya milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walihamishwa kutoka katika miji yao wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge. Na makumi ya maelfu waliwekwa kizuizini.

Neno hili kizuizini lafaa lielezwe, kwa maana vijana wengi hulichanganya na kifungo. Mfungwa ni mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu, akasomewa shtaka, akasikilizwa, akahukumiwa. Naye ajua siku atakayotoka. Mtu wa kizuizini hakushtakiwa kwa neno lo lote. Amekamatwa kwa amri iliyoandikwa, na atatoka amri nyingine itakapoandikwa. Hana siku ya kuhesabu. Baadhi ya watu waliofika Hola walikuwa wamekaa hivyo zaidi ya miaka sita.

Kambi zilipangwa kama mnyororo. Aliyekiri kwamba alikula kiapo alisogezwa kambi iliyo karibu zaidi na kwao, akafanya kazi, mwisho akarudishwa nyumbani. Aliyekataa alisogezwa mbali zaidi. Hola ilikuwa mwisho wa mnyororo ule: nchi ya jua kali na vumbi, mbali sana na baridi ya milima ya Nyeri na Murang'a. Palikuwa na mpango wa kumwagilia mashamba kwa maji ya Tana, na watu wa kizuizini ndio waliotakiwa wachimbe mifereji. Waliobaki katika kambi iliyofungwa walikataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: sisi hatukuhukumiwa na korti yo yote, basi kazi ya kulazimishwa ni ya haki gani? Wakuu waliwaita sugu. Mtu anaweza kuwaita hivyo. Anaweza pia kusema walikuwa watu waliojua tofauti ile tuliyoieleza sasa hivi.

Kufika wakati huo Serikali ilikuwa imekwisha zoea kutumia nguvu katika kambi, na imezoea pia kutoisema. Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana barua ya siri juu ya jinsi ya kuwatendea mahabusu wakaidi katika kambi za Mwea. Alitaja viungo ambavyo havifai kupigwa: wengu, ini, figo. Alishauri kwamba wenye kupiga wawe watu watulivu, wasiotawaliwa na hasira. Kisha akaongeza ya kuwa ikiwa ni lazima watende dhambi, basi hawana budi kuitenda kimya kimya. Mtoto anayejitayarisha kwa Komunyo ya Kwanza angeweza kumsahihisha Mwanasheria Mkuu. Lakini barua haikuandikwa ili isomwe na watoto, wala na mtu mwingine ye yote nje ya ofisi zile, nayo ilikaa gizani zaidi ya miaka hamsini.

Kwa ajili ya Hola afisa mmoja mkubwa wa magereza, John Cowan, alitunga mpango. Mahabusu watolewe kwa makundi madogo, waamriwe kufanya kazi, na wakikataa wapelekwe kwa nguvu mpaka mahali pa kazi na kulazimishwa kuifanya. Mkuu wa Magereza wa Koloni alipoupeleka mpango kwa Waziri wake aliandika ya kuwa utahitaji nguvu kiasi fulani, na kwamba huenda mtu akaumia, au hata akauawa. Sentensi ile yatosha mtu kuisimamia. Waliokaa Nairobi hawakudanganywa na wa Hola juu ya hatari iliyokuwapo. Waliandikiwa. Waziri aliuidhinisha mpango.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi, 1959, mkuu wa kambi, Michael Sullivan, hakuwatoa kwa makundi madogo. Aliwatoa watu zaidi ya themanini kwa mara moja, wakiwa wamezungukwa na askari wa magereza wengi kuliko wao, wenye rungu. Walifikishwa mahali pa mfereji. Wakaamriwa kuchimba. Kilichofuata kilikuwa kipigo, kikatulia, kikaanza tena. Na ilipofika mwisho watu walikuwa wamelala chini kila mahali. Kumi na mmoja walikufa. Wengine wengi waliumizwa vibaya.

Na hapa pana jambo linalosemwa kwa nadra katika hotuba za sikukuu. Amri ilitoka kwa Wazungu, mpango uliandikwa na Wazungu, lakini mikono iliyoshika rungu zile kwa sehemu kubwa ilikuwa mikono ya Waafrika. Walikuwa askari wa mshahara mdogo, wengi wao wana wa makabila mengine, ambao mahabusu wale hawakuwa wamewakosea lo lote. Hatuliandiki hili ili kuwapunguzia wakuu mzigo wao. Twaliandika kwa kuwa familia zinazosoma ukurasa huu zina vijana katika kazi za kuvaa sare, na mzazi anaweza kuulizwa mezani: ningekuwa mimi, ningefanyaje?

Sasa turudi kwenye tangazo la siku ya pili, na tulisome neno kwa neno.

Tazama neno *baada ya*. Tangazo halikusema kwamba watu walikufa *kwa sababu ya* maji. Lilisema walikufa *baada ya* kunywa maji. Aliyeliandika alijua vizuri tofauti ya maneno haya mawili, na alijua pia ya kuwa msomaji wa gazeti hatasimama kuipima. Kila mtu duniani hufa baada ya kunywa maji. Maji yalikuwapo kweli mahali pale, na watu walikunywa. Kwa hiyo sentensi ile, ikipelekwa kortini, ingeweza kutetewa kwamba haina uongo ndani yake. Na hata hivyo kila aliyeisoma alitoka akiamini jambo lisilokuwa kweli, kama alivyokusudiwa.

Tazama tena habari ya askari. Tangazo lilisema ya kuwa askari nao walitumia maji yale yale. Nadhani neno hili liliwekwa ili kuonyesha kwamba hapakuwa na hila, kwamba hakuna aliyewatilia mahabusu sumu. Lakini huo ndio ufa wa ukuta. Mtu wa kijijini asiyejua kusoma, akisomewa habari hii, angeuliza mara moja: mbona askari hawakufa? Magavana na mawaziri wenye elimu kubwa hawakujiuliza swali la mama anayeteka maji kisimani kila siku.

La tatu ndilo zito kuliko yote, ijapokuwa watu hulipita upesi. Tangazo lilisema watu wale *walikuwa wakichimba mifereji*. Hawakuwa wakichimba. Walikuwa wamekataa kuchimba. Na kwa kukataa huko ndiko walikopigwa. Kwa neno moja dogo serikali iliwanyang'anya marehemu si uhai tu bali na sababu yao. Iliwageuza watu waliosimama kwa hoja yao kuwa vibarua waliokunywa maji mabaya.

Na rungu? Haikutajwa. Majeraha hayakutajwa.

Kwa nini kusema hivyo? Wiki moja tu nyuma, tarehe 24 Februari, wabunge wa chama cha Labour huko London walikuwa wamedai tume huru ije kuchunguza kambi za Kenya, kwa kuwa watu waliowahi kufanya kazi katika magereza ya Koloni walikuwa wameanza kutoa habari za ukatili chini ya kiapo. Serikali ya Conservative ililikataa ombi lile kwa wingi wa kura. Ilisema hakuna haja. Basi siku nane hazijapita tangu neno *hakuna haja* litamkwe, maiti zimelala Hola. Kukiri kungekuwa kukiri kwamba waliodai tume walikuwa na haki. Uongo mwingi wa serikali huzaliwa hivi, si kwa sababu mtu aliamka asubuhi akitaka kudanganya, bali kwa sababu alisema neno jana na leo hataki kulirudisha.

Walioliangusha tangazo hawakuwa wanasiasa kwanza. Walikuwa madaktari. Maiti zilipasuliwa, na maji hayakuonekana kuwa ndiyo yaliyoua, yalionekana mapigo. Daktari aliyeajiriwa na serikali, akilipwa na serikali, alipotakiwa kuandika sababu ya kifo aliandika kile kisu kilichomwonyesha. Siku chache baadaye Serikali haikuwa na njia ila kukubali ufanywe uchunguzi wa wazi mbele ya Hakimu W. H. Goudie. Mwezi wa Mei alitoa uamuzi wake: watu wale walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na mapigo mengi mwilini. Hadithi ya maji ikaishia hapo.

Msomaji atatazamia kusikia kwamba kesi ikafuata. Haikufuata. Ilisemekana ya kuwa katika ghasia ile haiwezekani kujua ni pigo la nani lililomwua nani. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa vifo vya watu kumi na mmoja. Sullivan alistaafishwa bila kupoteza malipo yake ya kustaafu. Na mwezi wa Juni, Bunge likiwa linajitayarisha kuzungumza habari za Hola, jina la Cowan lilitokea katika orodha ya watu waliopewa nishani na Malkia. Yamkini orodha iliandikwa mapema, na hakuna aliyekumbuka kuisoma tena. Hata hivyo ilisomwa Nyeri, na ilisomwa Nairobi.

Serikali ya Uingereza, ikibanwa, ilichapisha hati za mambo ya Hola: uamuzi wa Hakimu, na barua zilizokwenda na kurudi kati ya kambi na Nairobi. Sasa maneno yale ya *huenda mtu akauawa* yakawa mezani pa kila mbunge. Tarehe 16 Juni Labour walileta hoja ya kuishutumu Serikali, wakashindwa kwa kura, kama ilivyotazamiwa. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alikuwa tayari kujiuzulu. Waziri Mkuu Harold Macmillan akamzuia, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu.

Usiku wa tarehe 27 Julai jambo lililetwa tena. Saa saba ya usiku ilikuwa imekwisha pita aliposimama Enoch Powell, mbunge wa Conservative, upande wa Serikali yenyewe. Mbunge mmoja wa upande wake alikuwa amewasema marehemu kana kwamba hawakuwa watu kamili. Powell akajibu kwamba ni hoja ya kutisha kupima uzito wa kifo kwa kumpima marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akafuata hati moja baada ya moja, akionyesha kwamba lawama haikukomea Hola bali ilipanda ngazi mpaka Nairobi kwa walioidhinisha. Na mwisho akasema jambo ambalo hata leo halijapoteza makali yake: kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani, kingine Asia, na kingine tena Afrika, na kwamba utawala wo wote juu ya watu husimama juu ya kile watu wanachouamini.

Ni huyu huyu Powell aliyetoa mwaka 1968, mjini Birmingham, hotuba juu ya wahamiaji weusi na Waasia ambayo iliwaumiza na kuwatisha watu wengi, na iliyomfanya afukuzwe katika baraza la viongozi wa chama chake. Hatuwezi kuificha habari hiyo kwa kuwa tunaipenda ile ya kwanza. Historia haitupi watu waliokatwa kwa kipimo kimoja tangu kichwa hata miguu.

Saa chache baada ya Powell kuketi, Bunge lile lile lilianza kuzungumza habari za Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Na hapa kuna mkutano wa siku ambao hakuna mtunzi ambaye angethubutu kuubuni. Tarehe 3 Machi, 1959, siku ile ile watu walipokuwa wakipigwa Hola, Gavana Sir Robert Armitage alikuwa ametangaza Hali ya Hatari Nyasaland. Dakta Hastings Banda alikamatwa kabla ya mapambazuko akapelekwa gerezani Gwelo, katika Rhodesia ya Kusini. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa kwa siku na majuma yaliyofuata, na makumi wakauawa. Sababu iliyotolewa na Serikali ilikuwa njama ya kuua Wazungu. Tume ya Jaji Devlin ilikwenda, ikasikiliza, na mwezi wa Julai ikaandika ya kuwa njama ya namna ile haikuthibitika, na kwamba Nyasaland, ingawa kwa muda tu, imekuwa nchi ya utawala wa kipolisi. Basi katika juma moja matangazo mawili ya magavana wawili, yote yenye chanzo katika siku moja ya Machi, yalivuliwa nguo mbele ya Bunge moja.

Serikali haikuanguka. Conservative walishinda uchaguzi wa Oktoba 1959 kwa wingi mkubwa, na mtu angeweza kusema ya kuwa Hola imesahauliwa. Wapiga kura labda waliisahau, Macmillan hakuisahau. Lennox-Boyd aliondoka, na mahali pake akawekwa Iain Macleod, ambaye baadaye alikiri kwamba Hola ndiyo iliyomthibitishia ya kuwa mambo ya Kenya hayawezi kuendelea kama yalivyokuwa. Baring naye aliondoka Nairobi mwezi huo huo. Januari 1960 Hali ya Hatari ilifutwa, na katika mwezi ule ule wajumbe wa Kiafrika waliketi Lancaster House, London, wakasikia kutoka kwa Waziri wa Makoloni neno ambalo walowezi walikuwa wameahidiwa ya kuwa halitasikika maishani mwao: kwamba Kenya itakuwa nchi ya utawala wa wengi.

Tusiipe Hola zaidi ya haki yake. Uhuru ulisukumwa na mambo mengi: vita ya msituni, vyama vya wafanyakazi, Ghana iliyokwisha jitawala tangu 1957, na gharama ambayo Uingereza haikuweza tena kuibeba. Lakini serikali inaweza kubeba gharama muda mrefu ikiwa watu wake wenyewe wanaiamini. Kilichovunjika Machi 1959 ni imani ya watu wa upande wake.

Wala Nairobi haikujifunza upesi. Mei 1960 Gavana mpya, Sir Patrick Renison, alitangaza rasmi ya kuwa Jomo Kenyatta ni kiongozi wa kuelekea gizani na mautini, na hivyo hatafunguliwa. Agosti 1961 alifunguliwa. Tarehe 1 Juni, 1963, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, na tarehe 12 Desemba nchi ikawa huru.

Uhuru ulipokaribia, maafisa wa Koloni waliamriwa kuchambua majalada yao. Mengine yalichomwa moto. Mengine yalipakiwa yakapelekwa Uingereza, yakawekwa mahali paitwapo Hanslope Park, na kwa miaka mingi watafiti walioyauliza hawakuonyeshwa. Hayo yasingejulikana kama wazee watano wa Kenya, mwaka 2009, wasingefungua madai katika Mahakama Kuu ya London wakisema waliteswa kambini. Jibu la kwanza la Serikali ya Uingereza lilikuwa kwamba hata kama walitendewa hayo, deni lilihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya uhuru. Jaji McCombe alilikataa jibu hilo mwaka 2011. Mwaka huo huo, kwa kubanwa na kesi hiyo, Serikali ilikubali kwamba majalada yapo: ya Kenya peke yake yapata elfu moja na mia tano. Watu wakaanza kuyasoma. Barua ya kutenda dhambi kimya kimya ikasomwa kwa sauti.

Mmoja wa wazee wale alikuwa Wambugu wa Nyingi. Alieleza katika ushahidi wake ya kuwa alikuwa Hola tarehe 3 Machi, 1959. Kwamba alipigwa mpaka akazimia. Na kwamba alidhaniwa amekufa, akawekwa pamoja na maiti za wenzake. Mtu huyu, ambaye kwa hesabu ya tangazo la tarehe 4 angekuwa mchimba mfereji aliyekunywa maji, alikuwa bado hai kusimulia. Julai 2012 wakili wa Serikali ya Uingereza alisimama kortini akasema ya kuwa Serikali haikani kwamba wadai waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa Koloni. Oktoba mwaka huo Jaji aliamua ya kuwa, ijapokuwa miaka imepita mingi, kesi yaweza kusikilizwa, kwa kuwa hati zilizobaki zatosha.

Haikufika kusikilizwa. Tarehe 6 Juni, 2013, William Hague, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alisimama katika Bunge lile alilosimama Powell, akatamka ya kuwa Serikali yake yasikitika kwa mateso yaliyotendeka. Wadai 5,228 walipatana na Serikali kwa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za mawakili. Alisema pia ya kuwa Serikali bado haikubali kwamba inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa Koloni. Katika tamko lake Hola ilitajwa kwa jina. Gari la maji halikutajwa.